Sheria ya umeme mdogo ilisifiwa mpaka nje, mbona mitambo yenyewe inahesabika kwa vidole?

#1 Mmakete_wa_Juu
Wakuu, habari za leo. Naingia moja kwa moja.

Kijijini kwetu, wilaya ya Makete, kuna maporomoko ambayo tangu utotoni tunaambiwa yana nyoka mkubwa, ukisogea anakumeza. Mwaka jana akaja mhandisi na vipimo vyake, akalala pale siku nne, akasema hakuna nyoka, kuna kilowati 250. Kikundi chetu kina wanachama 61, tumeuza mbao, tuna kianzio.

Sasa yuko ndugu yetu wa mjini anashauri tusihangaike na kuvuta nyaya kwa wanakijiji wanaotumia taa mbili na chaji ya simu. Tuuze yote kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Anasema tangu 2008 kuna utaratibu wa wazalishaji wadogo, SPP: mkataba sanifu, bei iliyopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, humpigii mtu magoti. Nimefuatilia, hasemi uongo.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Kama mlango uko wazi tangu 2008, walioingia wako wapi? Nikitaja Mwenga, Tulila, Andoya, TPC na TANWAT naanza kukwama. Nchi hii ina mito mingapi? Mwenye kujua kilichowazuia wengine anieleze kabla wazee hawajatoa hela.

#2 Kinyozi255
Kwanza tuambie nyoka kahamia wapi.

#3 Hesabu_Kali
Mleta uzi, umeuliza swali zuri. Jibu langu ni moja: bei ilipangwa kwa akili ya mnunuzi, sio ya muuzaji.

Utaratibu wa mwanzo ulisema mnunuzi atakulipa kiasi ambacho angetumia yeye kama wewe usingekuwepo. Penye gridi ya taifa, gharama hiyo ni ndogo kwa sababu gridi ina mabwawa na gesi. Penye jenereta za dizeli, gharama ni kubwa, kwa hiyo bei yako inapanda. Ndiyo maana masista wa Chipole na mtambo wao wa maji wa Tulila wa MW (megawati) 5 walikuwa mahali pazuri: Songea ilikuwa inaendeshwa kwa dizeli mpaka laini ya Makambako ilipofika 2018.

Halafu kuna kitu wengi hawakioni. Bei ya gridi iligawanywa kwa msimu. Agosti mpaka Novemba unalipwa asilimia 120 ya bei ya wastani, miezi mingine asilimia 90. Mtoni kwenu maji yanajaa lini? Machi, Aprili. Yaani ukiwa na umeme mwingi bei iko chini, bei ikipanda mto umekuwa kijito cha kuoshea miguu.

Wazo liliazimwa Thailand na Sri Lanka. Thailand lilifanya kazi, viwanda vya sukari na vya mpunga vikauza umeme wa mabua na pumba. Lakini mwenye kiwanda wa kule alikopa kwa baht akalipwa kwa baht. Huku unakopa dola, unalipwa shilingi. 2009 dola ilikuwa kama shilingi 1,300, 2015 ikapita 2,000. Deni limekua nawe umelala.

#4 Wakili_wa_Kijiweni
#3 umeeleza vizuri ila unamtisha mzee wa watu kwa bei ambazo hazipo tena. 2015 EWURA walibadilisha. Bei zikapangwa kwa dola, kila chanzo na bei yake, na mtambo mdogo ukapewa bei ya juu kuliko mkubwa. Hiyo ni kwa maji na tungamotaka, yaani masalia ya mimea. Sola na upepo wakatolewa kwenye bei ya kupangwa, wakapelekwa kwenye ushindani wa zabuni. Kwa hiyo hoja ya msimu na ya shilingi ilipaswa kufa mwaka huo.

Kwa faida ya mleta uzi: utaratibu huu ni wa kuanzia kilowati 100 mpaka MW 10. Wewe una 250, umo. Chini ya MW 1 hudaiwi leseni ya kuzalisha, unajisajili tu. Kibali cha maji ofisi ya bonde na tathmini ya mazingira viko palepale, hivyo usivikwepe.

#5 Hesabu_Kali
Nakubali la 2015. Ila aliyesaini kabla ya hapo alibaki na mkataba wake wa zamani. Na swali ni kwa nini TANGU 2008. Miaka saba ya kwanza ndiyo iliyowafundisha watu kuogopa.

#6 Fundi_Turubini
Nyie mnabishana bei. Mimi nimekaa kwenye mtambo mdogo wa maji miaka sita, sitautaja, nawaambia tatizo ni laini.

Mtambo wako unaunganishwa kwenye laini ya kilovolti 33 ambayo inapita porini kilomita hamsini na kitu. Mti ukiangukia nguzo huko mbele, mtambo wenu unajizima. Mto umejaa, mashine nzima, fundi kavaa gamboti, na umeme hauna pa kwenda. Mnafungulia maji yapite pembeni, mnayaangalia. Kuna mwezi wa mvua nilihesabu saa 140 za namna hiyo. Mkataba unasema utalipwa uniti ulizoingiza, hausemi utalipwa uniti ulizomwaga mtoni.

Mmakete, usiulize bei kwanza. Uliza laini ya karibu ina umri gani na inakatika mara ngapi kwa wiki. Waulize wenye mashine za kusaga, hawadanganyi.

#7 Kinyozi255
Wenye saluni pia hatudanganyi. Mara ngapi mteja kanyolewa upande mmoja.

#8 Bi_Ankara
Salaam. Niongezee la kwangu, nilikuwa mhasibu kwenye biashara ya kuuza umeme, mahali na mnunuzi naviacha, na msikimbilie kukisia maana wapo wanaouziana na viwanda na mashamba pia.

Bei yetu ilikuwa nzuri. Mkataba safi. Ankara ya Januari ikalipwa Oktoba. Ya Februari ikalipwa nusu. Benki haikujali mkataba umeandikwa vizuri kiasi gani, yenyewe ilitaka rejesho kila tarehe 5. Tukakopa kwingine kulipa mkopo. Mwisho mwenye mali akauza hisa kwa mtu aliyekuwa na pumzi ndefu kuliko yeye.

Tangu hapo mtu akinionyesha jedwali la bei namuuliza swali moja tu: analipa siku ya ngapi?

#9 Mmakete_wa_Juu
#8 umenikata maini. Tarehe 5 ya kila mwezi, na sisi hela yetu ni ya mbao.

#10 Mzee_wa_Tegeta
Vijana mnasahau historia. Serikali haikuwa na haraka na hawa wazalishaji binafsi, nzuri au mbaya, kwa sababu ilishaumia. IPTL, kampuni binafsi ya umeme, alisaini 1995, mkataba wa miaka 20, mtambo wa mafuta MW 100 hapa hapa Tegeta. Mashine iwashwe isiwashwe, unalipia. Kesi zikazaa kesi mpaka tukafika kashfa ya akaunti ya Escrow 2014. Katikati hapo kuna kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, 2008, Waziri Mkuu akajiuzulu. Angalia mwaka huo vizuri: ndio huohuo Bunge limepitisha Sheria ya Umeme, ndio huohuo SPP imeanza. Unadhani ofisa gani angesaini haraka mkataba na mtu binafsi? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

#11 Kinyozi255
Nyoka kapatikana, yuko Tegeta.

#12 Wakili_wa_Kijiweni
Mzee #10, historia ni kweli lakini mithali umeipeleka pabaya. IPTL alikuwa analipwa kwa kuwepo. SPP halipwi kwa kuwepo, analipwa kwa uniti iliyopita kwenye mita. Asipozalisha, hapati hata mia. Ndiyo maana #6 analia maji yanamwagika. Mnunuzi hana hatari yoyote kwa mtambo wa kilowati 250, hatari yote iko kwa Mmakete.

Mimi naona kikwazo cha wakubwa kilikuwa kingine. 2017 zilipita sheria za ulinzi wa rasilimali za nchi, migogoro ya rasilimali isipelekwe nje, iamuliwe hapa. Kisiasa inaeleweka kabisa. Lakini benki ya Ulaya inayokopesha miaka 15 ilizoea kwenda London au Paris ikidhulumiwa. Ukimwambia aje mahakama za hapa anafunga kitabu.

#13 Hesabu_Kali
Hiyo 2017 haiwezi kueleza 2009 mpaka 2016, Wakili.

#14 Wakili_wa_Kijiweni
Na shilingi haiwezi kueleza 2015 kuja mbele. Tumetoka sare.

#15 Mtu_wa_Visiwani
Naomba niwatoe kwenye gridi ya taifa kidogo. Mimi niko kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Kwetu nguzo za TANESCO hazikuwepo, akaja mwekezaji wa sola na mabetri, gridi ndogo. Bei kwa uniti ilikuwa kubwa, sitaki kudanganya, mtu ukinunua unaangalia mara mbili. Lakini umeme ulikuwepo saa 24. Kabla ya hapo tulikuwa na jenereta la jirani linalozimwa saa nne usiku kama bweni.

Basi 2020 waziri akaagiza gridi ndogo ziuze shilingi 100 kwa uniti kama wa bara. Siku ile tulicheza ngoma. Mimi nilinunua pasi, jirani akaleta friji mbili za samaki, kila mtu akawa anachemsha maji kwa umeme. Miezi michache mabetri yakaanza kuchoka mapema, saa mbili usiku giza. Na aliyeomba kuunganishwa akaambiwa asubiri. Shemeji yangu aliendelea kusubiri mpaka akahamia Nansio.

#16 Mama_Friji
Na mimi niseme kama mteja, maana humu naona wote ni wauzaji. Mtu wa mjini mwenye matumizi madogo ananunua uniti 75 kwa 9,150. Kwa nini mvuvi wa kisiwani, ambaye ni maskini kuliko yule wa mjini, alipie mara kumi? Hiyo 100 ilikuwa haki. Kama mwekezaji hawezi, asije.

#17 Bi_Ankara
Dada #16 swali lako ni halali ila jibu lake halimalizikii kwa mwekezaji. Yule wa mjini anayelipa 9,150 hajalipia gharama halisi. Amelipiwa na wenye viwanda na maduka wanaonunua kwa bei ya juu, na nguzo za kijijini zimelipwa na REA, wakala wa umeme vijijini. Unaunganishwa kwa 27,000 kwa sababu kuna mtu kalipia zilizobaki. Mwenye gridi ndogo ya wateja 300 hana kiwanda cha kumsaidia. Alipewa ruzuku mara moja, kwenye mpango wa awali ilikuwa dola 500 kwa kila mteja aliyemuunganisha, basi. Ukimwambia auze kwa 100 lazima umwambie pia tofauti inatoka mfuko gani. Hilo halikusemwa.

#18 Mama_Friji
Kwa hiyo kosa si 100, kosa ni kuiacha 100 peke yake. Hapo nimekuelewa. Lakini bado asije na bei ile.

#19 Mtu_wa_Visiwani
Dada, angekuwa hajaja wewe ungenisoma mimi humu kwa simu gani?

#20 Loiyangalani_Kaskazi
Hamjambo majirani. Mkenya hapa. Mnalia eti hamna wawekezaji, sisi tuliwapata na bado tunalia. Ule mradi wa upepo wa Turkana, mashine 365, MW 310. Wenyewe walimaliza 2017. Laini ya serikali ya kupeleka stima Suswa, kilomita 300 hivi, ikawa haijafika. Mkataba ulikuwa uchukue usichukue, ulipe. Mashine zinazunguka jangwani, ngamia wanaangalia, na bili inakuja Nairobi. Nani alilipa? Mwenye tokeni.

#21 Suswa_Jirani
Kaka #20 laini ni zaidi ya kilomita 400, si 300. Mkandarasi wa kwanza alikuwa wa Uhispania, akafilisika katikati, ikabidi watafutwe Wachina, ikakamilika Septemba 2018. Na usiache hii: Benki ya Dunia ilijitoa mapema, 2012, ikisema Kenya italipia umeme ambao haitautumia. Hawakusikizwa. Halafu kuna ile kesi ya mashamba, 2021 mahakama ikasema hatimiliki za zile ekari 150,000 hazikupatikana kwa njia inayofaa. Wenyeji hawakuulizwa vizuri.

Lakini tuwe wa haki, Kenya leo sehemu kubwa sana ya stima ni mvuke wa ardhini, maji na upepo. Huo mvuke ulikuja kwa sababu serikali ilikubali kuchimba yenyewe. Kisima kimoja kinameza mamilioni ya dola na unaweza kukosa. GDC, kampuni ya serikali, ilianzishwa 2008 kwa kazi hiyo, ibebe hasara ya kuchimba, halafu mwenye pesa aje na mtambo mvuke ukishaonekana. Menengai ndivyo ilivyofanyika. Kwangu mimi hiyo ni sera bora kuliko bei yoyote.

#22 Fundi_Turubini
#21 hapo nimekuvulia kofia. Fikiria Mmakete angelipiwa na serikali ule upimaji wa maji tu, miaka mitatu ya kupima mto badala ya siku nne.

#23 Mmakete_wa_Juu
Siku nne ni chache?

#24 Fundi_Turubini
Mzee wangu, siku nne ni za kupima kina cha chai. Alikuja mwezi gani?

#25 Mmakete_wa_Juu
Aprili.

#26 Hesabu_Kali
Yesu na Maria.

#27 Loiyangalani_Kaskazi
Nimekubali kilomita, asante #21. Ongeza na ile ya ushuru. Sola zilikuwa hazina VAT tangu 2014, Sheria ya Fedha ya 2020 ikaweka 16%. Biashara ya taa za sola ikaumia, 2021 wakaondoa tena. Sasa mtu aliyeleta kontena mwaka huo wa katikati amfuate nani?

#28 Suswa_Jirani
Kuanzia ilikuwa 14%, VAT yote ilikuwa imeshushwa wakati wa korona. Januari 2021 ndiyo ikarudi 16. Nisamehe, mimi ni karani, siwezi kunyamaza.

#29 Kinyozi255
Karani, hapa kwetu paneli hazina VAT lakini zina uongo. Nilinunua ya wati 100, fundi akapima inatoa 40. Zile 60 nadhani ndiyo kodi.

#30 Kijana_wa_Tororo
Habari zenu, Kiswahili changu cha Uganda mnivumilie. Huku kwetu "Umeme" lilikuwa jina la kampuni, kwa hiyo tulikuwa tunasema Umeme kakata umeme.

Sisi tulikuwa na mpango unaitwa GET FiT, ulianza 2013. Wajerumani, Wanorwei, Waingereza na Umoja wa Ulaya waliweka pesa juu ya bei ya serikali. Mwenye mtambo anapewa sehemu ya nyongeza akiwasha, iliyobaki analipwa kidogo kidogo miaka mitano kulingana na uniti alizotoa kweli. Mikataba ilikuwa imeandikwa tayari, dhamana ya serikali iko ndani, mwekezaji hakai mwaka mzima kubishana na mwanasheria. Mitambo midogo mingi ya maji ilijengwa, na sola mbili za MW 10, Soroti 2016 na hapa Tororo mwaka uliofuata. Nyumba ya baba yangu iko karibu na ile ya hapa.

Tatizo ni kwamba baadaye mabwawa makubwa yalikuja, Isimba, halafu Karuma MW 600. Umeme ukawa mwingi kuliko wanunuzi. Mdogo anaonekana ghali.

#31 Bi_Ankara
Sasa #30 umegusa penyewe. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina mashine 9 za MW 235. Mashine moja tu ni sawa na Makete 940. Ofisa wa mipango akiwa na MW 2,115 mezani, atafungua faili la kilowati 250?

#32 Mzee_wa_Tegeta
Ndivyo inavyotakiwa. Umeme wa taifa uwe wa taifa. Bwawa likijaa bei inashuka kwa wote, hakuna haja ya kulea vimtambo vya kupigiwa debe na wafadhili.

#33 Fundi_Turubini
Mzee, 2022 mabwawa yalipungua mgao ukarudi, hukuwepo? Na bwawa likiwa Rufiji, Makete iko mwisho wa laini. Umeme unafika huko umechoka, taa zinakuwa kama mshumaa. Mtambo mdogo ulioko mwisho wa laini unainua nguvu palepale. Faida hiyo hakuna jedwali la bei linaloilipia.

#34 Mzee_wa_Tegeta
Nilikuwepo, na jenereta nilinunua.

#35 Mwana_Goma
Jambo wote, niko Goma. Nawasoma mnabishana kuhusu bei za mamlaka, nacheka kidogo. Sisi mwaka 2014 sheria ilitolewa, watu binafsi wakaruhusiwa kuzalisha na kuuza, SNEL, shirika la umeme la serikali, si peke yake tena. Hakuna bei ya kupangwa kama yenu, hakuna mnunuzi mkubwa wa kulazimishwa. Mwenye mtambo anakuuzia wewe mwenyewe nyumbani, unalipa kwanza kwa simu. Virunga walijenga Matebe, MW 13 na kitu, kwa maji ya mbuga. Baadaye wengine wakaleta sola mjini. Bei ni kali, lakini anayelipa ni mimi, leo, kwa hiyo ile hadithi ya ankara ya Januari huku haipo.

Vita ndiyo ipo. Hiyo hakuna sheria ya umeme inayoiweza.

#36 Bi_Ankara
Pole sana ndugu #35. Ulichosema cha kulipa kwanza ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu #8.

#37 Hesabu_Kali
Usikimbilie, Bi Ankara. Kulipa kwanza kunawezekana kwa mji wenye watu wengi kama Goma. Kijiji cha Makete chenye taa mbili mbili, uniti ngapi zitauzwa usiku? Na saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri mto bado unatiririka bure.

#38 Mtu_wa_Visiwani
Auze barafu.

#39 Kinyozi255
Barafu. Makete. Kule Julai maji ya ndoo yanaamka yameganda yenyewe.

#40 Dada_wa_Ludewa
Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Nimesoma mpaka hapa, sijaona mtu aliyemtajia mleta uzi jirani zake. Mmakete, nenda Mawengi, Ludewa. Kuna mtambo wa maji wa kilowati 300, karibu sawa na wenu. Wanakijiji wana chombo chao, LUMAMA, yaani Lupande, Mawengi na Madunda. Waitaliano walisaidia kujenga, lakini uendeshaji ni wa wenyewe, na wateja ni wao wenyewe: mashine za kusaga, zahanati, shule, maseremala. Seremala mmoja mwenye randa ya umeme anakula uniti kuliko nyumba kumi. Wewe umesema mnauza mbao. Mnauza mbao zilizopasuliwa au magogo?

#41 Mmakete_wa_Juu
Magogo. Anakuja mtu na lori.

#42 Dada_wa_Ludewa
Basi mteja wako ni wewe. Panueni mbao mchana kwa umeme wenu, usiku peleka gridi kama laini ipo na kama watakulipa. Hata Mwenga walianza hivyo, MW 4 zile ziliwashwa 2012 mashamba ya chai ya Mufindi yakiwa pale, vijiji vikaunganishwa, kilichozidi kikaenda TANESCO. TPC na TANWAT ndiyo kabisa, hao wana kiwanda kwanza, umeme unatokana na masalia ya miwa na ya miti ya miwati. Angalia orodha yako ya #1 tena. Karibu wote walikuwa na kazi nyingine kabla ya kuuza umeme.

#43 Hesabu_Kali
Kasoro masista.

#44 Dada_wa_Ludewa
Masista wana shule, mashamba na subira. Benki haina hata kimoja.

#45 Wakili_wa_Kijiweni
Hoja ya #42 ni nzuri ila inahamisha swali. Kama sheria inawasaidia tu wale ambao wangejenga hata bila sheria, basi haikuvutia uwekezaji, ilisindikiza uwekezaji. Sijui kama naweza kuipinga. Nitarudi.

#46 Fundi_Turubini
Sikubali. Mwenye kiwanda bila sheria angejenga mtambo wa kumtosha yeye tu. Sheria ilimfanya ajenge mkubwa zaidi. Hicho kilichozidi ndicho kazi ya sheria.

#47 Suswa_Jirani
Kwetu pia 2021 sola na upepo zilipelekwa minadani, bei ya kupangwa ikabaki kwa takataka za mashamba, gesi ya samadi na maji madogo yasiyozidi MW 20. Na wenye paneli za paa, kanuni za 2024 zinasema ukiingiza uniti moja kwenye gridi unarudishiwa nusu. Kampuni inasema nusu nyingine ni gharama ya nyaya. Jirani yangu amesema heri achome mahindi kwa umeme wote kuliko kugawana.

#48 Mama_Friji
Na mahindi ya umeme hayana ladha. Tuendelee.

#49 Mzee_wa_Tegeta
Wakili amesema atarudi, hajarudi. Na mimi bado nasema tatizo lilianzia 1995.

#50 Bi_Ankara
Na mimi bado nasema ni siku ya kulipa.

#51 Fundi_Turubini
Laini.

#52 Mmakete_wa_Juu
Asanteni wote, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Jana tulikaa kikao. Nimewaeleza habari ya kupima tena mto Oktoba, kwenda Mawengi watu wanne, na kuuliza bei ya mashine ya kupasua mbao. Wazee wamekubali vyote. Ila mzee wa ukoo amesema mhandisi aliyepima mara ya kwanza hakuwaarifu wenye maporomoko, ndiyo maana hesabu yake ina kasoro. Safari hii lazima mbuzi mweusi atangulie.

#53 Kinyozi255
Nilisema mimi. Tangu #2.

#54 Hesabu_Kali
Mbuzi aingizwe kwenye gharama za mradi. Mnamnunua kwa shilingi au kwa dola?